Kuku wa Saranda

Je, waikumbuka safari yako ya kwanza ya gari la moshi? Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita, daraja la tatu, tukitoka Tabora kwenda Dar es Salaam. Niliamini kabisa kwamba miti ndiyo ikimbiayo. Pale Saranda baba aliteremka kununua kuku. Honi ikalia, behewa likajivuta, naye hayumo! Nililia, nimekumbatia kikapu chetu, hata Bahi ikakaribia. Ndipo alipotokea akipenya kati ya mizigo, kuku mkononi. Kumbe alidandia behewa la nyuma.

Mwaka 2024 nilimpandisha treni ya umeme hadi Dodoma. Mzee alilipapasa dirisha lisilofunguka, akauliza, "Sasa kuku tutanunulia wapi?"