Mwacheni Mtoto Atie Mkono Wake

Sikukuu inapokaribia hapa Bagamoyo, iwe Idd au Krismasi, wapo walimu wa chekechea wanaowapa watoto karatasi wachape viganja vyao kwa rangi, wapate kadi ya kumpelekea bibi. Jambo jema kabisa. Kinachoudhi ni sisi wakubwa. Mwalimu anaushika mkono wa mtoto, anaukandamiza yeye, anafuta rangi iliyovuja, anamalizia maua kwa kalamu yake. Kadi inafika nyumbani inang'aa, mama anasifu, kumbe mtoto ameazimwa kiganja tu.

Wazazi wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka minne akitandaza vidole, akaubonyeza mkono, akauinua taratibu, vidole vyake vinajiandaa kushika penseli. Anahesabu vitano. Anatambua kulia na kushoto, kwa kuwa dole gumba limeelekea kwingine. Anangoja rangi ikauke, na subira huvuta heri. Tena anaonja raha ya kutoa alichokifanya mwenyewe, maana kutoa ni moyo. Chanda chema huvikwa pete. Kisichofanya kazi kitavikwa nini?

Bibi zetu waliyajua haya. Usiku wa kuamkia Idd majani ya mhina yalikwisha kutwangwa, yakachekechwa, yakakorogwa kwa ndimu, na mtoto alilala na hina kiganjani bila kugusa kitu. Waliosuka ukili walimwachia mjukuu kipande chake, upogo na yote, wala hawakukifumua. Mji huu wa milango ya nakshi, uliopata Chuo cha Sanaa mwaka 1981, TaSUBa ya leo, haukupata mafundi kwa kuwaficha watoto rangi. Watu wa Bagamoyo ni hodari wa mikono, nawasifu kwa haki. Ndiyo maana tabia hii ya kumfanyia mtoto kazi yake haiwafai.

Na nikishaitaja hina, siwezi kulinyamazia hili. Siku hizi mabinti wadogo wanapakwa piko, eti ni nyeusi na inakolea upesi. Haraka haraka haina baraka! Piko hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayoweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha kovu. Huko ni kumpamba mtoto au kumtesa? Hina ya majani ipo. Idd ijayo nunueni hiyo, ikorogeni mbele yake, naye achovye mkono mwenyewe. Na kadi ikitoka na madoa, mpelekeeni bibi hivyo hivyo.