Bei ya kuchoma mbwa si siri ya serikali

Nimekaa kimya hapa kwa majuma matatu. Wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimehamia ng'ambo. La, niko papa hapa Nairobi. Mbwa wetu alikufa, na tangu siku ile nina hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa hivyo naileta kwenu. Ukiona ni upuuzi mtu kuandika kuhusu mbwa ilhali bei ya unga iko pale iliko, nakuelewa. Lakini vumilia kidogo, maana wewe pia utauziwa kitu siku moja kwa namna niliyouziwa mimi.

Bosko alikuwa mbwa wa marehemu baba. Mama alipoondoka Nakuru kwenda kuishi na dada yangu, kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na ua, mimi ndiye niliyemchukua. Alikuwa na kilo 32, miaka 13, na mwishowe figo zilizochoka. Daktari alimdunga sindano ya mwisho Jumamosi moja asubuhi, kwa upole sana, na kwa hilo sina neno. Mama aliponipigia simu alisema jambo moja tu: "Usimtupe, mwanangu. Baba yako alimlisha kwa mkono."

Haya. Unamfanya nini mbwa wa kilo 32 ukiwa mpangaji? Kwetu kijijini ungechimba shimo nyuma ya zizi na kazi ingeisha. Mwenye nyumba wangu alikataa kusikia habari ya shimo. Kumtupa ndiko wengi hufanya, ila kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: dawa inayotumika sana kumlaza mnyama, pentobabitoni, haiishi mwilini mnyama anapokufa. Hubaki ndani ya mzoga kwa muda mrefu, na ndege au mnyama yeyote atakayekula mzoga huo anaweza kufa pia. Tai wameuawa hivyo katika nchi kadhaa. Sasa wafikirie wale korongo wanaojazana kwenye jalala la Dandora, na mbwa wa mitaani, na nguruwe wanaozurura pale. Basi kuchoma si umombo wala ulimbukeni. Mara nyingine ndiyo njia safi kuliko zote.

Nikamwuliza binti wa mapokezi bei. Akanipa pole, kisha akaniuliza kama nataka "ya kawaida" au "ya binafsi". Nikauliza tofauti ni nini. Akasema ya binafsi ni nzuri zaidi. Nikasema basi ya binafsi. Shilingi 26,000, M-Pesa, na risiti yenye mstari mmoja: "Huduma ya mwisho".

Mstari mmoja! Kioski cha karibu nami kinaniandikia maziwa peke yake na mkate peke yake.

Jioni mama akauliza nimelipa ngapi. Nikamdanganya, nikamwambia elfu tano. Hata hizo aliziona nyingi. "Ulilipia nini hasa?" akauliza. Sikuwa na jibu. Mtu niliyesomea sayansi ya tarakilishi miaka minne, ninayelipwa kuandika programu za kukokotoa malipo ya watu wengine, sikuweza kumweleza mama yangu nilichonunua. Hiyo ndiyo aibu iliyonikalisha macho usiku kucha.

Kwa hivyo nikafanya nilichofundishwa. Nikachukua karatasi, nikatafuta vigezo.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Sehemu kubwa ya mwili ni maji. Katika kilo 32 tuseme kilo 20 hivi. Kilo moja ya maji yenye nyuzi 20 hutaka takriban megajuli 2.6 za joto hadi iwe mvuke. Mara 20, ni megajuli 52. Lita ya dizeli ina kama megajuli 36. Yaani maji yote ya Bosko yangegeuzwa mvuke kwa lita moja na nusu ya dizeli, kama joto lingetumika lote bila kupotea. Na maji yakishakwisha, mafuta ya mwili wenyewe huanza kuwaka na kuongeza joto. Mbwa mnene hujichoma nusu, Mungu anisamehe.

Sasa tuende kwenye tanuri. Tanuri hujengwa kwa matofali ya kuhimili moto, na lazima liwe moto kabla ya mbwa kuingia. Sheria za Ulaya, kwa mfano, zinataka gesi zinazotoka zikae kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2, ili moshi na sumu viungue. Tuseme matofali ni tani moja. Kuyatoa nyuzi 20 hadi 850 ni megajuli 830 hivi. Hizo ni lita 23 za dizeli, na bado sijahesabu joto linalotorokea dohani.

Umeona? Lita moja na nusu kwa mbwa, 23 kwa matofali. Gharama kubwa ya mafuta ni kuwasha. Anayelipwa ni tanuri lililokuwa baridi. Likishawaka, mbwa wa pili na wa tatu wa siku hiyo hawayapashi tena yale matofali kutoka mwanzo. Tanuri likichoma watano kwa kuwashwa mara moja, kila mmoja anabeba chini ya lita 5 za kuwashia. Nimeiandika hivi, na wale mnaopenda kuandika programu mtaielewa upesi:

bei = (kuwasha / idadi) + saa × (mafuta + fundi) + usafiri + friji + leseni + chombo + faida

"Idadi" ni wanyama waliochomwa siku hiyo tangu tanuri lilipowashwa. "Saa" ndipo uzito wa mbwa unapoingia, kwa sababu mkubwa hukaa ndani muda mrefu kuliko mdogo. Leseni ni ya NEMA, maana tanuri na gari linalobeba taka za namna hiyo vyote vinahitaji kibali. Hakuna hata kigezo kimoja hapo ambacho mwenye tanuri hakijui. Na kile kinachobadilika sana, bei ya dizeli, EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, nchi nzima ikisikiliza. Nikisikia mtu akisema "bei hutegemea", nacheka. Bei zote hutegemea. Stima hutegemea. Teksi ya kuita kwa simu hutegemea umbali, saa na foleni, na bado hukuonyesha bei kabla hujafungua mlango.

Halafu kuna hilo neno "binafsi". Nilipolichimba ndipo damu ilipochemka. Katika biashara hii duniani kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya pamoja: wanyama kadhaa huchomwa kwa mkupuo, na majivu hurudishiwi. Ya pili ni ya kutenganishwa: wanyama kadhaa wamo ndani ya tanuri moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na sehemu yake, na majivu hukusanywa kwa kila sehemu, ila kuchanganyika kidogo hakuepukiki. Ya tatu ndiyo ya binafsi kamili: mnyama mmoja peke yake ndani ya tanuri. Hizo ni bidhaa tatu zenye gharama tatu tofauti. Mimi niliuziwa neno. Nilipopiga simu baadaye kuuliza kama Bosko alikuwa peke yake au alitengwa tu na wenzake, binti yule yule (hana kosa, hakuna aliyemfundisha) aliniambia, "Sisi hatuchomi hapa, tunampa mtu anayechoma." Yaani zahanati ni wakala. Sehemu ya zile 26,000 ilikuwa ya wakala, sehemu ya usafiri, sehemu ya tanuri. Ngapi kwa ngapi? "Hiyo ni pakeji."

Sina ugomvi na wakala kupata faida. Aliweka friji, alipiga simu, alinipa kiti cha kukalia nikilia. Alipwe. Ninachokataa ni kulipa bila kujua nalipa nani kwa kazi gani.

Majivu yalikuja baada ya siku nne, kwenye mkebe mzuri wa mbao. Nikayapima kwa mizani ya jikoni, ndiyo, nilifanya hivyo. Majivu ya mnyama, ambayo hasa ni mifupa iliyosagwa, huwa kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Kwa kilo 32 nilitarajia kilo moja na ushei. Mizani ikasema gramu 1,080. Uzito ulikubali. Lakini majivu hayasemi ni ya nani, na moto wa nyuzi 800 na zaidi huharibu chembe za DNA ambazo zingeweza kusema. Njia ya maana ya kuhakikisha ni ya kizamani kabisa: kipande cha chuma cha pua chenye namba, kinachoingia motoni pamoja na mwili na kutoka pamoja na majivu. Namba ya utambulisho, jamani! Kitu ambacho kila mwandishi wa programu huweka kwenye kila jedwali kabla hata ya kuweka jina. Kwenye mkebe wa Bosko hakukuwa na namba. Kulikuwa na utepe.

Najua kuna watakaosema mtu aliyefiwa hataki kuzungumzia shilingi. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linavaa sura ya huruma. Aliyefiwa hawezi kupatana bei. Hawezi kusema ngoja nikaulize kwa jirani, huku mzoga uko mezani na jua linawaka. Kwa sababu hiyo hasa, bei ilipaswa kuwa ukutani na kwenye tovuti tangu jana, akiwa bado na akili zake. Marekani waliliona hili kwa maiti za binadamu: tangu 1984 kuna kanuni ya serikali kuu inayowalazimu wenye nyumba za mazishi kutoa orodha ya bei, kila huduma na bei yake, na kuzitaja kwa simu ukiuliza. Mbwa hawakuwekwa ndani ya kanuni hiyo, na ndiyo maana hata kule wenye mbwa wanalia kilio changu. Uingereza, mamlaka ya ushindani, CMA, ilianza kuchunguza huduma za madaktari wa wanyama mwaka 2023, na katika mapendekezo yake ya awali ya Oktoba 2025 ilitaka zahanati zitangaze orodha za bei, na kuchoma mnyama kumo ndani. Wale wana mbwa kwenye makochi, utasema. Sawa. Lakini sisi tuna Katiba ya 2010, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Hakikusema isipokuwa ya mbwa.

Kwa upande wangu pia kuna kosa, nisijifiche. Bosko aliugua figo miezi mitano. Nilikuwa na miezi mitano ya kuuliza na sikuuliza, kwa kuwa kuuliza bei ya kumchoma akiwa bado anatikisa mkia niliona ni kama kumroga. Ukiwa na mbwa mzee, uliza sasa. Uliza ni njia gani kati ya zile tatu, nani anachoma na wapi, je, kuna kipande chenye namba, na bei ya pamoja ni ngapi, maana huenda majivu huyataki na unalipia mkebe bure. Mimi niliyataka. Tuliyapeleka Nakuru, mama akayamwaga mwenyewe chini ya mparachichi ambapo baba alikuwa akiketi, na hapo nikamwambia bei ya kweli. Alinyamaza, kisha akasema wangeandika basi.

Nimetengeneza jedwali dogo. Lina safu za mji, uzito wa mnyama, njia iliyouzwa, bei iliyolipwa, na kama bei ilitajwa kabla au baada. Sitaweka jina la mtu wala la zahanati mpaka niwe na risiti tatu za mahali pamoja. Kwa sasa lina mstari mmoja, wa Bosko. Kama umewahi kulipia huduma hii Nairobi, Mombasa, Kisumu au popote, nitumie picha ya risiti, ufute jina lako kwanza.

Juzi nilipiga simu zahanati nyingine, mtaa mwingine, ili nipate mstari wa pili. Nikauliza bei ya kuchoma mbwa wa kilo 30. Akanipa pole, akauliza alikufa lini. Nikasema hajafa, nataka kujua tu. Akasema basi nipige akishakufa.