Andika uzito mbele ya kupigilia kesi



Fimbo za chuma zinazoongoza mashini zinapotumwa mbali, kwa kamyo, kwa treni ao kwa mashua, wengi wanasema kufunga kesi ni kazi ya magazini tu. Mimi ninasema ni kazi ya afya vilevile, sababu migongo na vidole vinavyoumia vinaletwa kwetu kwenye dispansere.

Tufanye hesabu. Fimbo moja yenye unene wa milimetri 40 na urefu wa metri 2 ni karibu kilo 20. Fimbo tano ni karibu kilo 100, lakini kesi yake ni nyembamba na inadanganya macho. Mtu anainama, anavuta kwa nguvu, na pale pale mgongo unashikwa.

Tangu mwaka 1929, mapatano namba 27 ya shirika la kazi la ulimwengu (O.I.T.) yanaomba kila mzigo wa kilo 1.000 ao zaidi, mbele ya kupakiwa mashuani, uandikwe uzito wake inje, wazi, kwa alama isiyofutika. Ni vizuri. Lakini mgongo haungoji kilo 1.000! Kwa maoni yangu, kila kesi ya fimbo, hata ya kilo 30, iandikwe.

Mbele ya kufunga, tenga fimbo kwa aina. Zile za chuma kitupu, zipange kufuata urefu. Zile zenye gazi iliyoshindiliwa ndani, usizichanganye nazo: kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya mizigo ya hatari zinazijua kwa namba 3164. Zikipata moto zinaweza kupasuka. Basi, neno «fimbo» peke yake kwenye karatasi halitoshi.

Pangusa mafuta yanayodondoka, funika ncha, kaza kwa vibao. Fimbo inayotembea ndani inatoboa kesi, na anayepokea ndiye anaumia.

Wewe unayefunga unajua kilichomo; mwenzako huko mbali hajui. Kuandika kwa rangi ni dakika mbili. Mgongo ulioharibika ni miezi, pengine maisha, na nyumbani mama anabaki kubeba maji na makala peke yake.

Na ninyi mashefu, msipokee kesi isiyo na uzito, wala msimkaripie anayengojea mashini ya kunyanyulia.

Kesho, mbele ya msumari wa mwisho, simama kwanza ujiulize: uzito umeandikwa wapi?