Usitupe Kitochi



Yako maneno yanayosemwa sana siku hizi. Yanasemwa Kahama, Katoro na Geita, kwenye maduka ya simu na vijiwe vya bodaboda. Watu husema hivi: "Simu ya kawaida imekwisha. Siku hizi ni kupiga kwa intaneti tu. Nunua simu janja, weka bando, ongea mpaka uchoke."

Wanaoyasema zaidi ni vijana wanaotoka machimboni. Kijana akipata dhahabu kidogo Nyarugusu au Rwamgasa, humnunulia mama yake simu janja. Hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingine huichukua ile simu ya zamani ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, akawapa watoto waichezee. Hapo mimi sikubaliani naye.

Kwanza tuseme ukweli. Kupiga kwa intaneti kuna faida. Sisi watu wa huku hatuingii katika mazungumzo ghafla. Mtu akipiga simu, husalimu kwanza. Huuliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe na za mvua. Salamu peke yake zaweza kumaliza dakika tatu. Kwa simu ya kawaida, salamu hizo zinakula salio. Kwa WhatsApp, dakika moja ya sauti hula bando kidogo sana. Tena waweza kumwona unayezungumza naye. Bibi aliyeko Kishapu aweza kumwona mjukuu aliyezaliwa jana Dar es Salaam. Sitaki kumnyang'anya bibi huyo furaha yake.

Lakini kuwa na faida ni jambo moja, na kuchukua nafasi ya kitu kingine ni jambo jingine. Tulipopata baiskeli hatukukata miguu.

Hebu tujiulize. Hiyo intaneti ya simu inatoka wapi? Inatoka kwenye mnara. Ni mnara ule ule unaobeba simu za kawaida. Kampuni ya simu ikiondoka, mnara huzimika, na WhatsApp ya kijijini huzimika pamoja nao. Kwa hiyo anayesema intaneti itaziondoa kampuni za simu hapa kwetu ni kama mtu anayetaka kuubomoa ukuta ambao paa lake limeuegemea.

Tena minara haifanani. Iko inayotoa sauti vizuri, lakini intaneti yake ni hafifu. Simu ya kawaida huhitaji njia nyembamba tu. Intaneti huhitaji njia pana. Ndiyo maana ukipiga kwa WhatsApp ukiwa shambani, utasikia neno moja, kisha kimya, kisha "Unanisikia? Unanisikia?" Mwezi wa Mei 2023, Serikali na kampuni za simu zilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu. Minara mingine ya zamani nayo iliwekwa katika mpango wa kuongezewa uwezo. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini yenyewe yatuonyesha kwamba, hata mwaka huo, bado yalikuwako maeneo mengi ambayo mtu alipanda juu ya kichuguu ili apate mtandao wa kusema "haloo".

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Tuseme ni usiku, wakati wa masika. Mama mjamzito ameanza kutokwa damu. Zahanati iko mbali na njia imejaa maji. Mume yuko machimboni. Ndani ya nyumba wamo mama mkwe na watoto. Simu iliyopo ni simu janja. Bando liliisha saa mbili usiku. Hata lingekuwapo, wangempigia nani kwa WhatsApp?

Mkoa wetu wa Shinyanga una habari njema katika jambo hili. Mpango unaoitwa m-mama ulijaribiwa kwanza Sengerema, majirani wa Geita, na hapa Shinyanga. Mwezi wa Aprili 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Namba yake ni 115. Kuipiga ni bure. Mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata hatari, mtu wa nyumbani au mhudumu wa afya hupiga namba hiyo. Anayepokea huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Gari hilo likiwa mbali au halipo, humpigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekubali kufanya kazi hiyo. Dereva huyo hulipwa kwa njia ya simu. Familia haidaiwi nauli.

Angalieni kazi hii inavyokwenda. Anayeomba msaada hupiga simu ya kawaida. Dereva huitwa kwa simu ya kawaida, maana huenda amelala na bando lake limekwisha. WhatsApp haipigi 115. Haipigi 112 ya polisi wala 114 ya zimamoto. Wenye WhatsApp wenyewe wameandika katika masharti yao kwamba huduma yao haifikishi mtu kwenye namba za dharura.

Mtu aweza kunijibu hivi: "Simu janja nayo ina laini. Nayo hupiga 115." Ni kweli, na jibu hilo ni zuri. Lakini ugomvi uko kwenye chaji. Vitongoji vingi bado havina umeme. Simu janja huamka asubuhi ikiwa imejaa, na jioni imekwisha, hasa watoto wakiangalia video. Kitochi hukaa siku kadhaa. Usiku ule wa damu, iliyo hai ni kitochi.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalitazami. Kupokea simu ya kawaida hakuhitaji salio. Hata kama huna senti moja, mtu atakupata. Lakini simu ya WhatsApp yahitaji bando pande zote mbili, kwa anayepiga na kwa anayepokea. Mwisho wa mwezi, au duara lisipotoa kitu kwa wiki tatu, ni nani atakuwa na bando? Masikini wa simu ya kawaida hupatikana. Masikini wa intaneti hupotea.

Fedha nazo ni hivyo hivyo. Mchimbaji hutuma fedha nyumbani kwa simu. Mama hupokea kwenye kitochi. Akitaka kujua salio lake, hubonyeza nyota, namba na reli. Njia hiyo haipiti kwenye intaneti kabisa. Haihitaji bando.

Na intaneti huzimika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika nchini kwetu. Tazama jambo hilo! Waya umeharibika mbali huko baharini, na mtu wa Geita anashindwa kuzungumza kwa WhatsApp na ndugu yake aliye Kahama. Simu ya kawaida kutoka Geita kwenda Kahama haina haja ya kwenda baharini. Tena tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ikakaa hivyo siku kadhaa. Aliyekuwa akitegemea WhatsApp peke yake hakujua habari za watu wake.

Hata hizo huduma zenyewe huja na kuondoka. Skype ilianza mwaka 2003. Wapo waliosema kwamba hiyo ndiyo itakayoua simu. Tarehe 5 Mei 2025 Skype ilifungwa na wenyewe. Simu ya kawaida bado inaita.

Niseme neno moja pembeni, kwa sababu nazungumza na wanakisomo wenzangu. Simu janja inatushawishi tusiandike. Unabonyeza kidude, unasema, sauti inakwenda. Ni rahisi, nami hufanya hivyo. Lakini tumehangaika na chaki na daftari tukiwa na mvi kichwani. Ujumbe mfupi wa maandishi kwenye kitochi ni zoezi letu la kila siku. "Fedha imefika. Mbuzi amezaa. Njoo Jumamosi." Mtu aliyeandika maneno hayo kwa kidole chake mwenyewe hamtafuti tena mtoto wa jirani amsomee siri zake.

Basi, kijana anayetoka machimboni, mnunulie mama simu janja. Wala usimnyime kuuona uso wako. Lakini iache laini ya zamani ndani ya kitochi. Kama jina la laini ni lako, nenda naye kwa wakala, isajiliwe kwa kitambulisho chake na alama za vidole vyake, ili fedha iliyomo iwe yake. Kitochi kiwekwe mahali pamoja, penye kufikiwa na kila mtu gizani, na kichajiwe kabla hakijalia.

Na namba ile iandikwe kwa mkaa au kwa chaki nyuma ya mlango: 115. Ni tarakimu tatu tu. Mama mkwe aisome. Mtoto mkubwa aisome. Jioni moja mwambieni kila mmoja azime taa na aibonyeze kwa kupapasa, bila kupiga, mpaka kidole kizoee.