Nyoka wa mtoto naye anataka pa kujificha

Kwa wiki tano chatu yule alikuwa hajala kitu. Kila Jumamosi jioni kijana wa miaka 12, mtoto wa familia ya Kitanzania inayoishi Leicester, Uingereza, alimwekea panya wa dukani aliyetolewa kwenye friza na kuyeyushwa. Kila Jumapili asubuhi alimkuta panya vilevile, akamtupa. Mama yake amekulia Tanga, ambako nyoka akionekana uani vijana huitwa waje na fimbo, na alishatoa sharti: mwezi ukiisha bila nyoka kula, anarudi alikonunuliwa.

Nyoka mwenyewe si wa kutisha. Ni chatu wa aina ndogo ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme. Hana sumu, na akiogopa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na jike aliyekomaa hufikia kama mita moja na nusu. Anaweza kuishi miaka 20 hata 30, jambo ambalo mzazi angependa kulijua kabla ya siku ya kununua. Mtoto anaweza kuoa, nyoka bado yupo.

Kwenye sanduku la kioo karibu kila kitu kilikuwepo: pedi ya joto na kifaa cha kuidhibiti, bakuli la maji, mfuniko wenye kufuli. Kulikuwa pia na pango la plastiki, pana, zuri kwa kuangalia, lenye mlango kama wa gereji. Chatu hakulikalia hata siku moja. Usiku alizunguka kuta za kioo akisukuma pua pembeni, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Aliyelitambua tatizo ni bibi, kwa simu ya video kutoka Tanga. Aliangalia kidogo, huku ameweka mkono kifuani kwa woga, akasema: “Huyo mmemweka uwanjani, mjukuu wangu. Nyoka hakai uwanjani. Anakaa kichuguuni.”

Bibi hajawahi kufuga nyoka wala hana nia hiyo, lakini alisema kweli tupu. Porini chatu hawa hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Wanachotaka ni giza na kubanwa, mgongo uguse paa na mbavu ziguse kuta. Pango pana kwake ni sawa na chumba kisicho na mlango. Akikosa pa kujificha huingiwa na wasiwasi, na chatu mwenye wasiwasi anaweza kugoma kula kwa wiki nyingi.

Basi kazi ikaanza mezani jikoni. Kijana alichukua kopo la aiskrimu la lita mbili, la rangi nzito isiyopitisha mwanga, akalipindua chini juu. Kwanza alihakikisha chatu akijikunja anaenea humo bila nafasi kubwa kubaki. Baba ndiye aliyekata mlango, mmoja tu, ukingoni. Tundu la mlango lazima lizidi unene wa nyoka pale alipo mnene kabisa, tena mzazi akumbuke kwamba nyoka akishakula hutuna. Kingo zilizokatwa zilipigwa msasa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Hapo mtoto akataka kulipamba kwa selotepu nyeusi, na baba nusura akubali. Ni kosa baya. Gundi ile ikigusa magamba hunasa, na kumbandua nyoka kunaweza kumchuna ngozi.

Kopo moja halitoshi. Sanduku la nyoka huwa na upande wa joto, kama nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa baridi, nyuzi 24 hadi 26, na kila upande unataka maficho yake. Yakiwa mamoja tu, nyoka hulazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Mara nyingi huchagua usalama, akabaki kwenye baridi, na bila joto hawezi kusaga chakula tumboni. Upande wa pili familia iliweka boksi dogo la viatu lililotobolewa. Linafaa kabisa, ila likilowa au kuchafuka hutupwa. Chungu cha maua cha udongo nacho hufaa, mradi lile tundu la chini lizibwe, maana nyoka hupenya na kukwama. Mbao za mwerezi ziepukwe, mafuta yake ni sumu kwake. Mawe mazito yakae juu ya sakafu ya sanduku lenyewe. Nyoka akichimba chini ya jiwe lililo juu ya matandazo, linaweza kumwangukia.

Kuna mdogo wa kike wa miaka 3 nyumbani humo. Huyo haruhusiwi kumshika nyoka, kwa kuwa wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio huumia zaidi. Wengine wananawa kwa sabuni kila wanapogusa nyoka, kopo au bakuli.

Msomaji wa Mombasa au Morogoro asitoke mbio kwenda shambani na gunia. Wanyamapori wanalindwa na sheria na kuwafuga kunahitaji kibali. Tena mtoto hawezi kutofautisha chatu mchanga na kifutu, na mzazi naye pengine hawezi.

Chatu aliingia kwenye kopo usiku uleule. Kijana aliambiwa asilifunue kuchungulia, na hilo lilimshinda mara mbili. Jumamosi ya kwanza nyoka hakula. Mama akatazama kalenda, asiseme kitu. Ikaamuliwa kwamba wiki ikipita tena, apelekwe kwa daktari wa wanyama kwanza, kwa sababu kugoma kula kunaweza pia kuwa ugonjwa. Jumamosi ya pili panya aliwekwa mbele ya tundu la kopo, taa ikazimwa, mlango wa chumba ukafungwa. Asubuhi panya hakuwepo.

Mama bado hamshiki. Lakini makopo ya aiskrimu sasa huyaosha na kuyapanga juu ya kabati, kwa sababu nyoka anakua.