AMIN NA MJAPANI: PAMBANO LILILOYEYUKA

Wiki hii naandika nikiwa Newala, huku juu kwenye nyanda za Wamakonde, na upepo wa Shimo la Mungu umenipiga mpaka masikio yameziba. Lakini stori ninayo, tena ya moto!

Vijana wa huku kwa mieleka hawajambo. Shuka stendi ya Masasi jioni, ingia kwenye banda lolote la video, utakuta ubishi ni uleule: hivi Undertaker na John Cena wanapigana kweli au wanatuzuga? Basi leo nawaletea mwanamieleka aliyebakiza kidogo tu aje kuzichapa hapa hapa Afrika Mashariki. Na nani? Na rais wa nchi, bwana!

Anaitwa Antonio Inoki, Mjapani, mzaliwa wa Yokohama mwaka 1943. Hilo la Antonio ni jina la ulingoni, nyumbani aliitwa Kanji. Mwaka 1957 familia yake ilihamia Brazil kutafuta maisha, kijana akawa kibarua kwenye shamba la kahawa. Mwaka 1960 akapita Rikidozan, yule baba wa mieleka ya kulipwa kule Japan. Akamwona kijana alivyojengeka, akamchukua hadi Tokyo, na Septemba mwaka huohuo Inoki akapanda ulingoni. Rikidozan mwenyewe hakudumu. Desemba 1963 alichomwa kisu kwenye klabu ya usiku, akafa baada ya wiki moja. Mwanafunzi akakaza, na mwaka 1972 akafungua kampuni yake ya mieleka.

Dunia ilimjua Juni 26, 1976, alipokutana na Muhammad Ali mjini Tokyo. Mwanamasumbwi na mwanamieleka ulingo mmoja! Watu wakajua leo patachimbika. Lakini wapi! Inoki alilala chali karibu pambano zima, raundi 15, akawa anampiga Ali mateke ya miguu tu. Ali alirusha ngumi za kuhesabu. Matokeo yakawa sare, watazamaji wakatupa takataka ulingoni na kudai hela zao. Ila Ali aliondoka na miguu iliyovimba, ikabidi alazwe hospitali. Sasa wewe unayesema mieleka ni uongo, kamuulize nani?

Tuje kwetu. Idi Amin wa Uganda alikuwa bondia kweli, si maneno. Kuanzia mwaka 1951 alishikilia ubingwa wa Uganda wa uzito wa lightheavy kwa miaka tisa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera, yakaua, yakapora na kubomoa daraja la Kyaka. Halafu jamaa bila aibu akatoa wazo kwamba vita iishe kwa yeye na Mwalimu Nyerere kupanda ulingoni, Ali awe refa! Eti kwa kumhurumia Mwalimu, yeye angepigana mkono mmoja ukiwa umefungwa nyuma.

Mwalimu hakutafuta glovu. Alipeleka jeshi.

Mkishangaa hilo, sikieni na hili. Mwanzoni mwa 1979, vita ikiwa imepamba moto, promota mmoja wa Kijapani alitangaza pambano la Inoki na Amin, lipigwe Kampala mwaka huohuo. Na refa? Muhammad Ali tena! Fikiria mwenyewe mapesa ambayo yangemwagika. Lakini Aprili 11, 1979 majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, bingwa akakimbilia Libya. Pambano likayeyuka. Amin alifia uhamishoni Jeddah mwaka 2003, hakumgusa Mjapani hata kwa kidole.

Nilipoisoma stori hii nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikampelekea mjomba wangu hapa Newala, nikijua atacheka kuliko mimi. Mjomba alikuwa mgambo, alitolewa pembe hii ya nchi akapelekwa hadi pembe ile ya Kagera. Hakucheka. Akaniambia, "Mjomba, mtu wa mieleka akikunyanyua anajua namna ya kukushusha, shingo isivunjike. Kule sisi aliyeanguka tulimzika."

Nikanywea.

Ndiyo maana siku hizi ule ubishi wa bandani siuoni kama zamani. Mieleka imepangwa, sawa, lakini imepangwa ili wote wawili warudi kwa wake zao. Amin alitaka tuione vita kama onyesho la ulingoni wakati watu wa Kagera wanazika.

Inoki yeye alikwenda njia nyingine. Mwaka 1989 alichaguliwa kuingia bungeni kwao. Desemba 1990, Saddam Hussein akiwa amewazuia Wajapani kule Iraq, Inoki alipeleka mieleka Baghdad, na mateka wakaachiwa. Mwaka 1995 akapigana na Mmarekani Ric Flair mjini Pyongyang, Korea Kaskazini, mbele ya umati usiopata kuonekana kwenye mieleka. Alipostaafu Aprili 1998, nani alikuwepo ukumbini kumuaga? Muhammad Ali yuleyule wa mateke! Uzeeni watu walikuwa wakipanga foleni awachape kibao cha uso, eti kinaleta bahati. Alifariki Oktoba 1, 2022, akiwa na miaka 79.

Kwa hiyo washikaji wa Masasi na Newala, bishaneni tu, Undertaker kapigwa kweli au kazuga, raha ya banda ndiyo hiyo. Ila kama kuna mzee jirani yenu aliyekwenda Kagera, mpelekeeni soda, mkae naye chini awasimulie. Yake haikupangwa na mtu, na wenye stori hizo wanapungua kila mwaka.

Tukijaaliwa, wiki ijayo hapa hapa. Kwaherini!