Nyumba ya Ghorofa Ijengwe Kwanza Katika Kompyuta

Hakuna kamanda mwenye busara anayewapeleka vijana wake mlimani kabla hajautafakari mlima wenyewe. Akikosa ramani atachora mchangani: hapa mto, pale daraja, kule njia ya kurudia. Kosa likionekana mchangani hufutwa kwa kiganja. Likionekana mlimani hulipwa kwa damu. La kustaajabisha ni kwamba askari huyo huyo, anapotaka kujenga nyumba ya ghorofa, humwita mwashi, akamwonyesha kiwanja, na kesho yake msingi ukaanza kuchimbwa bila mstari hata mmoja kuchorwa.

Jiji letu la Bujumbura limebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Kiwanja ni kidogo, bei yake ni kubwa, na kwa hiyo watu hujenga kwenda juu. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipoanza kupeleka majeshi Somalia, wako askari waliotia akiba ya safari hizo katika matofali na sementi. Hiyo ni fedha iliyopatikana kwa kuhatarisha roho. Kuipoteza kwa sababu ya ngazi isiyopitika au chumba kisicho na dirisha ni msiba usio na udhuru, maana dawa yake ipo na haina bei.

Dawa hiyo ni programu za kompyuta za kuchorea nyumba. Mojawapo ni Sweet Home 3D, iliyotolewa mwaka 2006 na Mfaransa Emmanuel Puybaret. Hupatikana bure, ina Kifaransa tulichofundishwa shuleni, na ikishawekwa katika kompyuta yaweza kutumika bila intaneti. Mtu huchora kuta upande mmoja wa kioo, na papo hapo huiona nyumba ikisimama upande wa pili. Akimaliza sakafu ya chini, huongeza sakafu ya pili juu yake, akataja kimo chake na unene wa zege. Kuta za chini huendelea kuonekana kwa rangi hafifu, ili aone kama ukuta wa juu umekalia ukuta au umeelea hewani.

Mwanafunzi wa kazi hii hukwama kwanza kwenye ngazi, na yafaa akwame hapo. Tuseme toka sakafu hadi sakafu ni sentimita 300. Ukigawa kimo hicho kwa vipandio 17, kila kimoja kitapanda karibu sentimita 18. Mahali pa kukanyaga pakiwa na sentimita 28, na kipandio cha mwisho kikiwa ni sakafu yenyewe ya juu, ngazi iliyonyooka itameza karibu mita nne na nusu za nyumba. Ni wangapi waliokumbuka kuzitenga mita hizo? Aghalabu hukumbukwa zege la juu likiwa limekwisha kumwagwa. Ndipo ngazi inaposimamishwa wima kama ya mnazi, na bibi mzee wa nyumba hiyo asiweze kupanda tena.

Hesabu hiyo si ngeni kwa askari. Aliyeiwekea kanuni ni François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17 aliyekuwa mwanajeshi na mhandisi kabla ya kufundisha usanifu wa majengo. Alisema kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, vilingane na hatua ya mtu, yaani takribani sentimita 65. Ngazi ya mfano wetu inafika 63. Anayejua kuhesabu hatua za gwaride hawezi kushindwa na hesabu hii.

Wenye viwanja vya mteremko, kama kule Kiriri, wana sababu zaidi ya kujifunza. Huko sakafu ya chini huzama ardhini upande wa mlima na kutokeza upande wa ziwa. Programu hukubali sakafu iliyo chini ya usawa wa ardhi, na mwenye nyumba huona mapema ni chumba gani kitakosa mwanga.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi. Ni kweli, na tusidanganyane: programu hizi haziujui udongo, hazihesabu nondo, wala hazikatai ukuta uliowekwa mahali pasipo na mhimili. Picha nzuri ya kioo si ruhusa ya kumwaga zege. Lakini mwenye mchoro huenda kwa mhandisi akiwa na maswali, na humsimamia mwashi akiwa na vipimo. Asiye nao husimamiwa na mwashi.

Askari na polisi wanajua zaidi ya wengine mwisho wa nyumba mbovu, kwani wao ndio huitwa kufukua vifusi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilibomoa nyumba nyingi kaskazini mwa jiji letu, na zaidi ya watu 60 wakafa. Machi 2013 mjini Dar es Salaam, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ghorofa, asiyeziba ufa huenda asipate nafasi ya kujenga tena.

Hatuna budi basi kuanza. Penye kompyuta ya ofisi kambini au kituoni, wakuu wairuhusu itumike Jumamosi alasiri, mmoja anayejua awafundishe wenzake, na wake na waume zao waalikwe, maana anayeishi jikoni ndiye ajuaye mlango ukae wapi. Mwezi mmoja wa kufuta na kuchora upya ni gharama ndogo mno kuliko siku moja ya kuvunja zege.